Miche ya Elm Ilivyotoka Silanga

Ijumaa, Januari 2008. Jua kali tangu asubuhi, na hewa bado inanuka mpira ulioungua kwenye ghasia za uchaguzi.

Leo nimekataa kuhama.

Dadangu wa Kawangware alinipigia simu jana, nihamie kwake. "Mwende dadangu, miti utapanda mingine. Uhai haumei tena."

Kweli. Lakini miche hii ya elm niliiotesha mwenyewe, kwa mbegu za mama mzungu niliyekuwa nikimtunzia bustani. Ni miti ya kwao, kwenye theluji. Mwalimu mmoja wa Kinangop aliiagiza kwa ajili ya shule yake, maana umande wa kule huganda na kuunguza kila wanachopanda. Miwili ya majaribio niliyompa ilipukutisha majani yote, akadhani imekufa. Ikachipua.

Jana hiyo hiyo vijana walinijia kitaluni, hapa Silanga, ndani ya Kibera, kando ya bwawa. Eti sisi Wakamba tumewauza kwa kujiunga na serikali iliyowaibia kura, nirudi Machakos. Mmoja akaanza kukanyaga miche. Niliogopa, sitajifanya shujaa.

Ila sikutoka.

Mama Otieno, jirani yangu muuza makaa, akaja akasimama katikati ya miche, leso kiunoni. "Huyu alinishikia mtoto nikiwa hospitali. Nyinyi mlikuwa wapi? Mkitaka kukanyaga, anzeni na mimi."

Wakaondoka wakitukana. Miche mizima ilibaki kumi na minane.

Mwalimu ni Mkikuyu, kabila la rais, hangeweza kuingia Kibera kuichukua. Tukakubaliana tukutane Kawangware. Leo asubuhi mimi nilibeba beseni, Mama Otieno akabeba gunia, tukapitia mtaa wa Lindi, humo humo Kibera. Penye mawe barabarani vijana wengine wakatusimamisha.

"Hiyo ni nini?"

"Miti," Mama Otieno akajibu kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili ili nisikie. "Ya watoto wa shule."

Wakatupisha. Mwisho wa Kibera nilimwambia arudi, kwa sababu kule mbele jina lake la Kijaluo ndilo lingekuwa kosa. Tulicheka kidogo. Halafu tukalia. Nikajitwika beseni, gunia nikalifunga mgongoni, nikaenda.

Mwalimu aliponiona nafika Kawangware alikimbilia kunitua beseni. "Nilidhani hutakuja."

"Ikipukutika usiing'oe," nikamwambia. "Ngojea mvua."

Dada aliniandalia kitanda, akanishika mkono. Nilikunywa chai yake, nikarudi Silanga kwa miguu, jua likielekea kuzama. Naogopa bado. Lakini nyumba nalipia mimi, na udongo wa kitalu niliubeba mimi kwa kichwa.

Asubuhi najaza vifuko vipya vya miche. Anayetaka niondoke atanikuta hapo, nimechutama, mikono imejaa udongo.