Mlima Nilioupata Chini ya Bahari

Baba,

Habari ya huko nyumbani Ziwa? Goti lako limekubali dawa? Nasikia mvua imekuja vizuri na mahindi yamesimama. Mimi ni mzima, na baridi ya huku nimeizoea. Ningekupigia simu, lakini wewe huweka spika na nyumba nzima inasikia. Haya nataka uyasome peke yako kwanza, ndiyo maana nimempa barua hii daktari mmoja wa Eldoret anayerudi nyumbani.

Ni kuhusu Mercy wa Kiplombe.

Uliwahi kuniuliza tunaonaje milima ya chini ya bahari bila kuzama. Nilikuambia kwamba kila kitu kizito huvuta. Mlima ulio huko chini huvuta maji upande wake, na uso wa bahari hapo juu unainuka kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Setilaiti ikipita inapima. Kazi yangu ni kukaa na vipimo hivyo, nikitafuta mahali palipoinuka bila sababu inayojulikana.

Mwaka huu nilipapata mahali kama hapo, mbali sana na nchi kavu, ambapo ramani inaonyesha tambarare tupu. Sikumwambia profesa anayenisimamia. Mawimbi na mikondo ya maji inaweza kukudanganya, kwa hivyo nilirudia hesabu miezi na miezi. Aliyejua ni Mercy tu. Tulikuwa tunaishi nyumba moja, tunasonga ugali pamoja, na hata nafasi ya masomo hapa chuoni ni mimi niliyemtafutia. Kila jioni nilimweleza nilipofika. Aliuliza maswali mazuri, nami nilifurahi kuwa na mtu wa kwetu wa kuongea naye.

Halafu kwenye mkutano wa idara, Mercy akasimama akaonyesha mlima wangu. Alieleza vile mimi huwa naeleza, mpaka mahali ninapotua kuvuta pumzi. Nilikaa nikingoja ataje jina langu. Alilitaja mwishoni, akasema nilimsaidia kurekebisha hesabu. Watu wakapiga makofi. Baba, na mimi nilipiga.

Tulipofika nyumbani nilimuuliza kwa nini. Alikuwa anavua viatu.

“Ulikuwa unangoja nini?” akasema. “Ungeangalia na kuangalia mpaka mtu mwingine auone.”

“Ungesema ni wangu.”

“Wewe hapa unapendwa tayari. Mimi walikuwa karibu kunirudisha Kenya.”

Sikujua hilo. Alikuwa amenificha. Angeniambia, tungeandika majina mawili, lake na langu, na nisingejutia.

Nilienda kwa profesa nikamwonyesha kazi yangu. Akasema Mercy naye anayo ileile. Ni kweli, nilimpa kwa mkono wangu anisaidie kuikagua. Akasema hawezi kujua nani alimwambia nini jikoni, tusuluhishane wenyewe. Meli ya kwenda kuhakikisha kama mlima upo ilikuwa na nafasi moja, na Mercy ndiye aliyeipata.

Nilikuwa kwenye foleni ya mkate habari zilipokuja. Mlima upo, Baba. Ni mrefu kuliko nilivyodhani. Nilifurahi sana, kisha nikatoka kwenye foleni bila kununua kitu, nikaenda kukaa mahali ambapo hakuna mtu anayenijua.

Nimehama ile nyumba. Nimeanza kutafuta mahali pengine baharini, na sasa kila nikipiga hatua profesa ndiye anayesikia kwanza. Sirudi nyumbani kabla sijamaliza.

Kaka ameniambia wazazi wa Mercy wanaandaa maombi ya shukrani, na kwamba umeombwa useme maneno machache, kwa sababu likizo zote za chuo alikuwa kwetu. Usisimame. Sitaki umwaibishe mbele ya watu, wala sitaki umshukuru Mungu kwa kitu nilichonyang'anywa. Tafuta kazi ya shamba siku hiyo. Mama mwambie polepole, yeye humwita Mercy binti yake.

Nisalimie Nyanya, na shangazi wa duka pale mjini, na kaka akirudi na boda boda yake jioni. Na mama yake Mercy, mkikutana sokoni, msalimie vizuri kama siku zote. Yeye hakunikosea.

Ni mimi binti yako,
Jerotich