Dakika Tatu za Salamu

Manundu, Jumanne jioni

Usaili wa ufadhili wa kwenda kusoma Urusi ulikuwa wa dakika kumi tu, na mimi nikatumia tatu kusalimia. Kwa Kirusi. Niliwauliza wale walimu watatu kwenye simu ya video wameamkaje, watoto hawajambo, kazi zinaendaje. Mmoja akaangalia saa. Nikajua naharibu, lakini kukatisha salamu katikati sikuweza.

Mama mtu mzima aliyekaa katikati ndiye aliyeniitikia. Akasema wajukuu wazima, ila goti linamsumbua. Nikampa pole. Tukazungumza mpaka muda ukaisha, na majibu niliyokariri mwezi mzima sikuyagusa.

Kaka anasema nimechezea bahati. Labda. Matokeo bado hayajatoka, na hofu ninayo, sifichi. Lakini Kirusi nimejifunza peke yangu, kwenye simu hii yenye kioo kilichopasuka, na leo nimempa mtu pole kwa lugha yake, akaipokea.

Mama yangu alikuwa uani, karibu na dirisha langu, anachambua maharage. Nilipotoka baada ya usaili akaniangalia.

“Sikuelewa kitu, mwanangu,” akasema. “Ila kwa sauti yako nimesikia umeanza kwa kuwasalimia.”