Mama na neno lake la siri

Ukunda, Jumamosi

Imewaka. Imewaka kweli. Ile kompyuta kuukuu iliyotupwa na hoteli anakofanya kazi baba leo imeukubali mfumo wa bure niliounakili kwenye disketi shuleni.

Na ilikuwa siku yake ya mwisho. Mama alikwisha kuapa kwamba isipowaka leo, anaitoa na kurudisha cherehani yake mezani, mahali pake pa zamani.

"Inasema nini?" akaniuliza.

"Inataka jina, mama. Kila mtu anaweza kuwa na lake humu."

"Basi na mimi nitilie langu."

Akachapa neno lake la siri kwa kidole kimoja, mkono amefunika kwa leso nisione. Cherehani hakuitaja tena.

Alivyofurahi, nilishindwa kumwambia kwamba mimi, msimamizi wa kompyuta hii, naweza kulibadilisha neno lake wakati wowote. Wallahi sitaligusa.