Meri wa Kwanza Alikwenda Wapi

Njombe,
Jumapili, baada ya ibada

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, isipokuwa vidole. Mwezi huu wa sita baridi ya huku huuma hata saa sita mchana, na chupa ya wino naiweka karibu na jiko kabla ya kuandika. Kifua chako kinaendeleaje? Na goti la mama? Barua yako ya mwisho ilisema masika yamebomoa paa la jikoni na kwamba michungwa ya upande wa bondeni imeanza kuzaa. Natumaini paa limekwisha kuezekwa na nyani wamewaachia machungwa kidogo.

Nina habari moja na ombi moja. Habari yenyewe ni ndefu, na ombi halitaeleweka bila habari, kwa hiyo nakuomba uvumilivu. Naandika kwa kufuata daftari langu la kila siku, nisije nikaongeza au nikapunguza.

Muhula huu nimepewa kulisomesha Darasa la Kumi kitabu cha hadithi cha Kiingereza, cha zamani sana, kilichoandikwa kabla babu hajazaliwa. Nakala hazitoshi, wanafunzi wawili husoma kitabu kimoja. Hadithi ni ya msichana maskini wa Kiingereza anayekwenda kufanya kazi katika nyumba ya tajiri. Siku ya kwanza bibi mwenye nyumba anamwambia, "Hapa msichana wa kuwasha moto huitwa Meri. Na wewe utaitwa Meri." Msichana anajaribu kutaja jina lake, bibi anamkatiza: aliyekuwapo kabla yake naye alikuwa Meri, na hakuna aliyelalamika. Jina lake halisi msomaji halijui mpaka mwisho wa kitabu.

Somo hilo nilifundisha Jumanne. Walipofika hapo mmoja alinyoosha mkono.

"Mwalimu, huyu bibi ni Mzungu?"

"Ndiyo."

"Na huyu anayewasha moto?"

"Naye ni Mzungu."

Darasa lilicheka muda mrefu. Kuna kijana mmoja wa Uwemba, mcheshi, akasema, "Basi wa kuwasha moto waliwaacha Ulaya, huku wakatuletea wa kuwashiwa tu."

Niliwaacha wacheke. Kisha nikauliza: huku kwetu ni nani anayeitwa jina lisilo lake? Nilikuwa nimeandaa swali hilo tangu juzi yake na nilijua ninachotaka wajibu. Wakajibu. Mmoja alisema, "Boi. Baba yangu mkubwa ana wajukuu, na mpaka leo ni boi." Yule wa Uwemba akasema hata mimi wananiita Mwalimu wala hakuna anayejua jina langu, wakacheka tena. Nikaandika maneno yao ubaoni. Somo lilikuwa linakwenda vizuri.

Ndipo akasimama Lameki Sigala. Huyu ni kijana wa Mdandu, amenizidi urefu, na ndevu zake zimetangulia zangu. Wengi wa darasa hili walichelewa kuanza shule. Si msemaji. Aliuliza, "Mwalimu, Meri wa kwanza alikwenda wapi?"

Nikamwambia kitabu hakisemi.

"Hakuna aliyemtafuta?"

Nikamwambia hadithi si yake, ni ya huyu wa pili. Alikaa. Jibu langu lilikuwa sahihi kwa mtihani.

Jioni hiyo, kabla ya wanafunzi kwenda kula, alikuja nyumbani kwangu na bahasha iliyochakaa. Alikataa kiti. Akanieleza kwamba baba yake aliondoka Mdandu kwenda kukata mkonge Tanga wakati yeye bado anabebwa mgongoni. Mkataba wa kwanza ulipokwisha aliongeza wa pili, akatuma blanketi na salamu. Baada ya hapo kimya. Mama yake akamwomba mwinjilisti amwandikie meneja wa shamba barua kwa jina la mumewe. Ofisi ikajibu kwamba haiwajui watu kwa majina, watume namba ya kipande chake cha kazi. Namba waliijua kwa sababu ilishonwa kwenye pindo la lile blanketi. Wakaituma. Jibu lake ndilo lililokuwa ndani ya bahasha, mstari mmoja: "Namba 317 yupo kazini, ni mzima."

Walitoa sadaka ya shukrani kanisani. Mama alipeleka kapu la mahindi na kuku. Mwaka uliofuata jirani yao mmoja akarudi kutoka Tanga, wakamuuliza habari za 317. Akasema anamjua, amefanya naye kazi safu moja: ni kijana wa Songea, hata ndevu hana.

Lameki alisimulia hayo kama mtu anayesoma orodha. Akasema mama yake mpaka leo kanisani hajui akae na wajane au akae na wake za watu, kwa hiyo hukaa karibu na mlango.

Baba, niliangalia juu ya ile karatasi. Jina la shamba lililopigwa chapa pale ni la shamba ulilofanyia kazi wewe.

Sikumwambia. Nilimrudishia bahasha, nikasema tutafikiri la kufanya. Kwenye daftari la siku hiyo nimeandika: "L.S. alikuja. Habari za babaye. Baridi kali." Hayo tu.

Ijumaa hakuwapo darasani. Mwenzake wa kitanda akasema ameaga kwamba anakwenda Makambako, kwa sababu lori la kuchukua watu wa mkonge linaondoka pale. Jumamosi asubuhi nilipata nafasi juu ya magunia ya pareto katika lori la mfanyabiashara mmoja, nikafika Makambako saa nne, nimepauka kwa vumbi.

Unalijua lile lori la mkonge kwa upande wa kwenu, watu wakishuka. Mimi nililiona kwa upande wa kupanda. Karani anakaa mezani nje, watu wamekaa chini kwa safu, kila mmoja na blanketi jipya la mkataba begani. Nilipopita mmoja akasema kwa sauti, "Hata walimu wamechoka. Karibu ndugu, lakini kwa mikono hiyo mkonge utakunywa damu." Mwingine akamjibu, "Mwache, atatuandikia barua." Nilicheka nao, nikapita.

Lameki alikuwa safu ya mwisho. Alisimama akaniamkia kama tuko darasani.

"Unakwenda kufanya nini?" nikamuuliza.

"Kumtafuta."

"Wamekuuliza jina lake?"

"Wameniuliza kama nakohoa."

Nikamwambia akifika kule naye atapewa namba, atamtafuta mtu asiye na jina naye akiwa hana jina. Nilidhani hoja hiyo ni nzuri. Akaniangalia.

"Mwalimu, kitabu kimebaki kurasa ngapi?"

"Sabini hivi."

"Katika hizo sabini kinasema Meri wa kwanza alikokwenda?"

"Nimekisoma chote. Hakisemi."

"Basi mimi darasani nangoja nini?"

Ndipo nikamwambia. Nikasema lile shamba nalijua, nimekulia nyuma ya kambi yake, na baba yangu alikuwa mnyapara pale, tena wa kuita namba asubuhi. Watu wa safu yake waligeuka kusikiliza. Lameki aliuliza swali moja tu: "Mwalimu alijua tangu Jumanne?" Nikasema ndiyo. Hakunitukana. Aliketi tena chini, akalitazama blanketi.

Karani akaanza kuita watu wapande. Nikamwambia Lameki nitakuandikia wewe, na kwamba lori lingine linarudi mwisho wa mwezi ujao. Jibu lako lisipofika kabla ya hapo, nitampeleka Makambako mwenyewe na sitasema neno. Akavua blanketi, akalikunja vizuri, akalirudisha mezani. Karani aliguna: "Ninyi watu wa shule mnatupotezea wakati." Tulirudi Njombe juu ya lori moja, naye hakuzungumza nami njia nzima, isipokuwa kuniambia nishike kamba penye kona.

Hiyo ndiyo habari. Ombi ni hili.

Kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chenu kuna madaftari yako ya zamani ya mahudhurio. Najua yapo kwa sababu nilipoanza shule ulinipa yale yaliyokwisha nifanyie hesabu upande wa nyuma. Tafadhali yatoe, uitafute 317. Nakumbuka ulivyofanya: namba isipoitika siku tatu ulikata mstari mwekundu, na baada ya wiki moja au mbili namba ile ile iliitika tena, kwa sauti nyingine. Nilikuwa mdogo na nilidhani mtu ameugua koo. Tazama mstari mwekundu uko mwezi gani na mwaka gani. Hiyo ndiyo kazi nyepesi.

Kazi ngumu haimo katika daftari. Ukishaujua mwezi, naomba umwite mzee Athumani aliyekuwa mpishi wa kambi, mkae, mkumbuke. Alitoroka? Alihamia shamba lingine? Alipelekwa hospitali, au alizikwa pale nyuma ya karakana? Jina lake ni Sigala, mtu wa Mdandu. Hata kama jibu ni baya liandike lilivyo. Barua zako tatu za mwisho zilichukua siku tisa, kumi na moja na tisa, kwa hiyo ukiandika ndani ya juma moja tutakuwa ndani ya ahadi.

Siandiki haya kukulaumu. Mshahara wa kuita namba ndio ulionisomesha, na mimi ninaufundisha umaskini wa Waingereza nikiwa nimevaa viatu vilivyotoka humo. Nilijaribu kukumbuka jina la mtu hata mmoja wa kambini, nikampata mmoja tu, aliyenifundisha kusema "kamwene", na ndiyo maana nilipofika huku watu walishangaa mgeni wa Muheza anaamkia Kibena. Lakini tulimwita Mbena, na hilo si jina. Sisemi kwamba ndiye. Wabena kambini walikuwa wengi.

Nisalimie sana mama, umwambie soksi alizofuma nazivaa mbili mbili. Msalimie dada na shemeji, na mtoto wao nisiyemwona bado. Msalimie mjomba fundi cherehani. Suruali aliyonishonea haijaachia uzi. Msalimie na padre aliyenifundisha kusoma, kama hajasahau mimi ni nani.

Nawaombea afya na mvua za kiasi.

Ni mimi mwanao,
Kolumba

Baba, nimefungua tena bahasha. Lameki amekuja kuichukua aipeleke posta kesho asubuhi. Nilimsomea ombi ili asikie nimeandika nini, nikamuuliza kama ana la kuongeza. Akasema, "Mwambie shikamoo." Kisha akiwa mlangoni akarudi. Anasema mama yake humsimulia kwamba baba yake alikuwa na sikio moja bovu, la kushoto, na ukimwita lazima umwite mara mbili.

Sina hakika na jambo ninaloandika sasa. Mimi kuhesabu nilijifunza kitandani, kwa kusikiliza sauti yako asubuhi ukiita namba. Nilipoanza shule mwalimu alinichapa kwa sababu nikihesabu nilikuwa nataja namba fulani mara mbili, nami nilishikilia kwamba ndivyo inavyohesabiwa. Ni namba gani sikumbuki. Mama anakumbuka, maana alikuwa akinitania nayo mbele ya wageni.

Kabla hujafungua sanduku, muulize.