Kishubaka cha Nyumba ya Mwenye Kiwanda

Jumatatu, 4 Machi
Nimetembea kutoka chumba changu Kariakoo hadi kiwandani. Chai ya kantini, sukari nyingi kuliko majani. Ukurasa wa sita wa historia ya jumba umekamilika. Jumamosi jumba hili la aliyekuwa mwenye kiwanda linafunguliwa kuwa zahanati ya wafanyakazi, nami nitaisoma historia hiyo mbele ya wote. Nimeonyesha kwamba madirisha ya ghorofani yalielekezwa kiwandani ili bepari awachunge wafumaji. Kuhusu kishubaka cha chumba cha nyuma, cheusi kwa moshi, sina shaka: humo alichoma hati zake na kuficha dhahabu. Hoja safi. Hata mhadhiri wangu wa chuo kikuu angekubali.

Jumanne, 5 Machi
Nimebandika ukurasa huo kwenye ubao wa matangazo. Umati. Nimefurahi mno.

Jumatano, 6 Machi
Balaa. Wamesoma neno "dhahabu", mengine yote wameyaacha. Tawi la chama limeamua kuubomoa ukuta wenye kishubaka Ijumaa. Fundi anasema ukuta huo ndio uliobeba ghorofa. Zahanati itakufa kabla ya kuzaliwa. Nimejiambia kwamba ukweli una gharama. Sentensi nzuri. Sikuiamini.

Alhamisi, 7 Machi
Mama Ndeshi, Mchaga wa Marangu, alikuwa yaya wa familia ya mwenye kiwanda hadi kiwanda kilipotaifishwa. Sasa ndiye mpishi wetu wa kantini. Leo amenifuata, ukurasa wangu mkononi. Nikamwamkia.
"Marahaba. Mwanangu, kila siku unakunywa chai yangu. Kuniuliza ulishindwa?"
Akanipeleka kwenye kishubaka, akapitisha kidole, akaninusisha. Masizi ya samli. Mke wa bwana alikuwa akiwasha humo utambi kila alfajiri, mbele ya sanamu ya mungu wao wa Kihindu, kabla ya king'ora cha zamu ya kwanza.
"Samli nilikuwa nikiinunua mimi, Kariakoo. Mimi Mlutheri, nikingoja mlangoni na mtoto mgongoni. Dhahabu! Labda ya meno."
Nimeaibika hadi masikioni.

Ijumaa, 8 Machi
Mkutano wa tawi. Nyundo tayari mlangoni. Nikasimama, nikasema: nimekosea, niliandika bila kuuliza; kishubaka kilikuwa cha ibada, hakuna dhahabu.
"Ndugu msomi, rudia," akasema mwenyekiti. "Wa nyuma hawajasikia."
Nikarudia kwa sauti. Kicheko kirefu. Nyundo zikarudishwa stoo. Lakini kuhusu madirisha sikurudi nyuma hata hatua moja, na Mama Ndeshi akaniunga mkono: kutoka pale bwana alimjua kila aliyechelewa. Nimetoka nikiwa mwepesi kuliko nilivyoingia.

Jumamosi, 9 Machi
Zahanati imefunguliwa. Nimesoma kurasa zote sita. Wa sita ni mpya, na una jina la Mama Ndeshi. Muuguzi ameweka pamba na chupa ya spiriti kwenye kishubaka. Alitaka kuyasugua masizi. Nimemwomba aache yale ya juu, nimemweleza ni ya nini, naye amekubali. Mashine za kufuma zinasikika hadi ndani. Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mama Ndeshi, goti. Nimembebea kiti.