Tromboni ya Fintan

Dublin,
Jumapili, Novemba 1987

Kwa kaka yangu mpenzi Fintan,

Pokea kwanza salamu zangu, na zikukute mzima, umeshiba, na soksi zako zikiwa kavu. Hilo la soksi ni agizo la Mama. Amesikia kwamba Boston theluji imeanguka mapema mwaka huu, naye hana imani na viatu ulivyoondoka navyo. Kifua chako vipi? Na yule kijana aliyetoka Kerry mnayelala naye chumba kimoja, bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mama magoti yanamsumbua akipanda ngazi, lakini lifti ya jengo letu imekufa tangu Pasaka, kwa hiyo hata wenye magoti mazima wanalalamika. Mimi bado niko kiwanda cha biskuti, kwenye zile za tangawizi, na nywele zangu zinanukia tangawizi hata nizioshe na nini. Baba yupo. Habari zake ndizo zilizonikalisha chini niandike, ila nitazifikia kwa mwendo wangu. Unanijua.

Uliuliza bendi inaendeleaje. Kaka, Makreti imekwisha. Sikutaka uisikie kwa mtu mwingine. Barua hii anakuletea Ger mwenyewe, na ukimwona Ger mlangoni kwako na gitaa lake la besi mgongoni, ujue huku hakuna aliyebaki.

Ulipoondoka ulinishika bega pale ukumbini ukaniambia nisiiache ife. Nilijitahidi. Lakini kila tulipopata wimbo ukatulia, mmoja anakuja na uso wa msiba anasema amepata nafasi London, au binamu yake amemwitia kazi Birmingham. Wapiga tarumbeta waliondoka kwa meli moja. Lorcan naye akaondoka Agosti, akiwa na lile koti lake la kung'aa kama samaki, akasema lazima London imsikie. Sasa anabeba matofali kwenye mjengo na kuimba akiwa juu ya majukwaa, na msimamizi wake anamwambia afunge mdomo.

Kila aliyeondoka tulimpigia muziki wa kumuaga katika ukumbi wa parokia, Jumamosi mchana, kwa sababu jioni Padri anauhitaji kwa bingo. Ikafika mahali watu wa mtaani hawaulizi tena tunapiga lini. Wanauliza anaondoka nani. Ger akawa anasema sisi ndiyo bendi pekee Ireland inayofukuza wapigaji wake kwa muziki mzuri. Lorcan alipoondoka kuimba kukaniangukia mimi. Mara ya kwanza niliposimama peke yangu na ule wimbo wetu wa polepole, akina mama walilia mpaka nikafikiri nimeuweza. Mama ndiye aliyenirudisha chini. Alisema nisijisifu, kila mmoja pale alikuwa anamwona mwanawe kwenye meli.

Septemba ikawa zamu ya Oliver, mpiga dramu. Alituomba tumuage na kila kitu, na pembe za kupuliza ziwepo, si gitaa na kelele zangu tu. Pembe zilikuwa zimehama nchi. Iliyobaki Dublin ilikuwa moja, tromboni yako, chini ya kitanda changu ndani ya boksi lake, pale ulipoiacha kwa sababu anayejiita mtalii wa wiki mbili hawezi kushuka Amerika na tromboni begani.

Sasa nije kwa Baba. Najua yaliyokuwa kati yenu. Najua alivyokuwa akichukua kofia na kutoka kila ulipofungua lile boksi, na siku aliyokwambia hiyo takataka itoke nyumbani kwake au utoke nayo. Lorcan aliniambia ulichomwambia kule uwanja wa ndege, kwamba unaondoka na baba yako hajawahi kukusikia ukipiga hata wimbo mmoja mpaka mwisho. Sote tulidhani ni ukali wa mtu aliyefukuzwa kazi ya upakuzi bandarini makontena yalipokuja, mtu asiyetaka kuona mwanawe anafurahi bure.

Jumatano moja nilikuwa napanda ngazi kutoka kazini nikasikia tromboni. Kaka, nilidhani umerudi. Nilizipanda zile ngazi mbio mpaka nikadondosha mfuko wa viazi, na sikugeuka kuviokota. Nikamkuta Mama amesimama kwenye mlango wa jikoni na kisu cha kumenyea mkononi, hasogei. Akanionyesha chumbani kwangu kwa kidevu. Baba alikuwa amesimama katikati ya chumba, visigino vimegusana kama askari, macho ameyafumba, anapiga wimbo wa gwaride. Hakukosea hata mahali pamoja. Mama ameishi na mtu huyu tangu hatujazaliwa, na hakujua.

Aliponiona aliishusha, akasema bomba la kuvuta limekauka, lilihitaji mafuta. Nikamuuliza amejifunza wapi.

“Shuleni,” akasema, akachukua kofia yake.

Jumamosi hiyo ya kumuaga Oliver akaja ukumbini, hakuna aliyemwita. Alivaa suti ya harusini na tai. Ger akamkaribisha kwa mdomo wake ule ule. “Mzee Christy, tukutafutie miwani nyeusi ufanane na sisi?”

“Piga gitaa lako, mtoto, kabla sijakupiga nalo,” Baba akamjibu.

Basi akapiga. Nyimbo za haraka alizipiga safi, bila tabasamu, kama mtu anayepakua meli. Watu walisimama juu ya viti kumwona Christy Tallon. Tulipoingia ule wa polepole, sauti ya tromboni ikabadilika. Sijui nikueleze vipi. Ilikuwa kama mtu aliyekuwa akiongea vizuri na ghafla amefika kwenye jina asiloweza kulitamka. Akapiga mpaka mwisho, akaiweka tromboni juu ya kiti taratibu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta uani amekaa kwenye kreti, kofia magotini. Nilitaka kumsifu. Akanikatiza.

“Tulikuwa wawili,” akasema.

Unajua alilelewa kwa mabruda, wale watawa. Hajawahi kutuambia zaidi ya kwamba uji wao ulikuwa mbaya. Kumbe alipelekwa kule pamoja na mdogo wake. Mama yao alipofariki, baba yao alishindwa kulea, na hakimu akawapeleka wote wawili kwenye shule ya hao mabruda. Shule ilikuwa na bendi ya wavulana, sare nzuri, vifungo vya shaba, na nchi nzima iliwapenda walipoingia uwanjani siku za fainali za mpira. Baba alipewa tromboni. Mdogo wake akalilia apewe hiyo hiyo, kwa sababu alitaka kila kitu alichonacho kaka yake. Baba ndiye aliyemfundisha, nyuma ya jiko, baridi ikiwauma vidole.

Mwaka mmoja mtoto akashikwa na homa ya kifua. Wakamlaza kwenye chumba cha wagonjwa na kufunga mlango. Baba aliomba amwone. Bruda akamwambia atamwona baada ya mechi, akipiga vizuri. Kaka, Baba anasema hajawahi kupiga vile maishani mwake. Alizunguka ule uwanja wote na watu wakipiga makofi, na kila noti ilikuwa ya kuomba ruhusa ya kuingia kwenye kile chumba. Walirudi shuleni jioni, akaenda moja kwa moja akiwa na sare yake. Kitanda kilikuwa kimetandikwa upya. Mtoto alikuwa amekufa kabla hata hawajaondoka kwenda uwanjani, na walimzika wakati bendi ikiwa barabarani. Walimficha Baba habari ile ili asije akaharibu muziki.

Aliitupa ile tromboni ukutani. Walimpiga kwa ajili ya tromboni. Hakugusa nyingine mpaka ile Jumatano.

Nikamuuliza huyo mdogo wake aliitwa nani, na nilipouliza tayari nilikuwa najua. Aliitwa Fintan. Wewe ni somo wake. Mama alitaka uitwe Gerard, na Baba, ambaye hajawahi kushindana na Mama kwa jambo la nyumbani, akang'ang'ania mpaka kanisani, na hakusema kwa nini. Halafu ukafika umri ule wa kuazima vyombo vya muziki shuleni, na kati ya vyombo vyote vya dunia hii ukarudi nyumbani na tromboni.

“Ningemwambia nini?” akaniuliza. Aliniuliza kweli, kama anayetaka jibu.

Kuna na hili, na ndilo ninalotaka ulisome mara mbili. Alipokuwa akichukua kofia na kutoka, hakuwa akienda popote. Alikuwa akikaa kwenye ngazi za ghorofa ya chini yetu mpaka unapomaliza. Nyimbo zako zote anazijua. Ndiyo maana hakuhitaji mtu wa kumfundisha siku ya Oliver. Alizipiga ulivyozipiga wewe, hata ile sehemu unayochelewa kidogo kuingia.

Ulipofika mwezi huu wa marehemu, tukiwa tumetoka kupeleka kanisani majina ya wafu wetu, Baba akaniomba twende naye mahali. Akamwomba na Ger, kwa sababu Ger ndiye aliyekuwa amebaki. Shule ile ilishafungwa. Nyuma yake, kupita bustani ya kabichi, kuna kiwanja cha nyasi chenye msalaba mmoja. Majina hayapo. Wavulana wote wako chini ya msalaba ule mmoja, na hakuna anayeweza kukuambia nani yuko wapi. Mlinzi alitufungulia geti, akamwangalia Baba na lile boksi, akavua kofia bila kuuliza kitu.

Kulikuwa na manyunyu. Ger alikuja na gitaa la kawaida la dada yake kwa sababu besi haipigiki bila umeme. Mimi nilidhani Baba atataka wimbo wa kanisa, au gwaride. Akasema magwaride hapana, pale wameyasikia ya kutosha. Akataka ule wetu wa polepole. “Huo wenu wa mapenzi,” akasema, “maana hakuna aliyewahi kumwimbia wa mapenzi.”

Nikaimba. Baba hakusimama mahali pamoja. Kwa kuwa hakujua mtoto amelala wapi, alitembea huku akipiga, mguu kwa mguu, kama alivyofundishwa, kutoka kona moja ya nyasi mpaka nyingine, akageuka, akarudi kwa mstari mwingine, mpaka alipokimaliza kiwanja chote. Kila alipofika kwenye ile noti ya chini kabisa, inayotaka mkono unyooke mpaka mwisho, aliiruka. Ger akanitazama. Tulipomaliza Ger akamuuliza kwa upole kama bomba linakwama.

“Mkono wake haukufika pale,” Baba akasema. “Alikuwa mfupi. Alikuwa anairuka.”

Ger, ambaye hajakosa mzaha tangu ubatizo wake, aligeuka akalifuta manyunyu gitaa la dada yake kwa mkono wa koti.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho ya Makreti. Wasikilizaji walikuwa mlinzi na hao wengine chini ya nyasi. Ijumaa Ger anapanda ndege. Usimcheke akilia, na umtafutie chumba kabla hajamaliza pesa zake kwa kujifanya tajiri.

Mama alihadithiwa siku ile ile. Kesho yake alimpikia Baba ile supu ya soseji na viazi anayoipenda, akakaa karibu naye wakati Baba anakula, mkono wake juu ya mkono wa Baba. Hilo hujawahi kuliona na mimi pia sikuwa nimeliona.

Baba hataki uje. Anajua huna karatasi za kuishi huko, na ukitoka hutaingia tena. Alisema wazi kwamba Fintan mmoja aliyefungiwa mlango anatosha. Ila ameniomba nikuandikie maneno yake, nami nayaandika alivyoyasema: “Mwambie sikuwa na ugomvi naye. Nilikuwa na ugomvi na kile kitu, na hata hicho hakikunikosea.” Anaomba pia umwachie tromboni kwa sasa, kama huna haja nayo. Aliomba kwa adabu, kaka, kama anayemwomba mkubwa wake, na nikamwambia nitakuuliza.

Jambo la mwisho, nifunge, mkono umechoka. Sijui kama uliwahi kugundua kwamba miaka yote ile Baba hakukuita kwa jina. Ulikuwa “wewe,” ulikuwa “kijana,” na ukiwa hupo ulikuwa “huyo.” Mimi sikugundua mpaka sasa, kwa sababu sasa halimtoki mdomoni. Tukiwa mezani ni Fintan hivi, Fintan vile, Fintan angelipenda hili, Fintan alikuwa hali vitunguu. Wewe vitunguu unakula. Saa nyingine hatujui anamsema yupi, na hatumuulizi. Mama anamwongezea chai tu.

Mama anakusalimu na kukubusu. Majirani wa ngazi yetu wote wanakusalimu. Baba nilipomwambia naandika aliinua kichwa akasema, “Na mimi pia.” Basi na yeye pia.

Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Jacinta