Evariste Mbusa, Aliyeuawa kwa Picha za Dhaka

Mwaka umetimia, Papa Osée, mume wangu, tangu walipokukata kwa mapanga kwenye mteremko wa Kasenyi na kukuacha kando ya njia kama mnyama asiye na mwenyewe. Ulirudi Bunia juu ya gari la samaki, umefungwa ndani ya turubai. Tulikuosha mikono na miguu tu. Kichwa hakikuwa cha kuoshwa tena.

Tunakuambia haya mbele ya watu wote kwa sababu waliokuua walisema neno juu yako, na neno hilo lilifika mtaani kabla ya mwili wako. Walisema ulikuwa mpelelezi.

Ulikuwa muuza nyama. Ulinunua ng'ombe kwa kila mfugaji, hata katika miaka ile ambayo mtu aliulizwa kabila lake kabla ya kuulizwa jina. Kisu chako kilikuwa chepesi, hukumwacha mnyama ateseke. Nyumbani hukuweza kumpiga mtoto hata kofi moja. Mwanamke mwenye mimba akifika mezani kwako, ulimkatia kipande cha ini na kumwambia, "Hii si ya kuuza, mama. Hii iko ya ule wa ndani."

Mapenzi yako ya kadi yalianza na mpishi mmoja wa askari wa Umoja wa Mataifa, mtu wa Bangladesh, aliyekuwa akija sokoni kutafuta mbuzi. Yeye hakujua Kiswahili, wewe hukujua lugha yake, mkawa mnaongea kwa vidole na kucheka. Siku ya kuaga alikupa kadi ya posta yenye picha ya msikiti wa mji wao, Dhaka. Kuta zake ni nyeupe, zimejaa nyota za buluu. Uliileta nyumbani umeishika kwa ncha za vidole.

"Mama Osée, angalia," ulisema. "Kuko mutu alikaa chini, akatia nyota moja moja. Hapa kwetu tunajua kubomoa tu."

Tangu siku hiyo hukumwacha apite askari anayerudi kwao wala mfanyabiashara anayetoka ng'ambo ya ziwa bila kumwomba kadi au timbre, stempu ya posta, ya Dhaka. Ukapata ngome ya Lalbagh, yenye kaburi la mtoto wa mfalme ndani yake, na lile jumba la rangi ya waridi kando ya mto, na bunge lililozungukwa na maji, lenye matundu makubwa ya mviringo ukutani. Timbre ulizibandua kwenye bahasha ndani ya beseni la maji, ukazianika juu ya vitabu vya shule vya mwanetu Plamedie. Kabla ya kuzigusa ulinawa kwa majivu na limau, ili damu ya ng'ombe isizichafue.

Binti yetu Divine alikutania. "Papa, kwa Dhaka unanawa, kwa chakula haunawi!"

"Chakula hakiogope damu," ulimjibu, na nyumba nzima ikacheka.

Jumapili baada ya misa ulizipanga mezani, majirani wakaja kutazama. Hakuna aliyezipenda kuliko Marcellin, mtoto wa jirani yetu Mama Angèle, mdogo kidogo kwa Osée wetu, ambaye alimwita yaya, yaani kaka mkubwa. Ulikuwa ukimwuliza, "Na hii?" Yeye alijibu haraka, "Ile iko bunge, papa." Alizijua zote. Alikula kwetu kama mtoto wa nyumba. Kisha, wakati redio zilikuwa zinasema amani imefika, yeye akaingia msituni kwa watu wa silaha.

Siku ya kifo chako ulikuwa unashuka Kasenyi kwa pikipiki na rafiki yako Roger. Muuza samaki mmoja alikuwa amekupatia timbre za Dhaka kutoka Uganda, nawe ulibeba kadi ulizokuwa nazo mbili mbili ili mbadilishane. Mlikuta kamba imefungwa njiani. Roger aliokoka, lakini walimkata mkono wa kuume, na ndiye aliyetueleza yote.

Mkubwa wao alizitoa kadi mfukoni mwako, kila moja ndani ya plastiki yake. Aliona maandishi asiyoweza kuyasoma, akaona kuta nene za ngome. Jina la Dhaka alilijua, maana askari waliokuwa wakipigana nao walitoka kule.

"Hii iko kambi yao," alisema. "Na haya maandiko iko ya siri. Weye muzee ndiye unawapelekea habari zetu."

"Mukubwa, ile iko kaburi ya mutoto wa mufalme. Ni picha tu."

"Picha ya bure, unaivalisha plastiki?"

Wakacheka. Hapo ukamwona Marcellin amesimama kati yao na bunduki. Ukamwita, "Marcellin, mutoto wangu, weye unazijua. Waambie."

Marcellin akatazama viatu vyake. Panga la kwanza likakupiga begani, ukaanguka juu ya pikipiki. Roger anasema uliita jina lile mara nyingine, kisha wakakupiga usoni mpaka usiweze kuita.

Mungu alikuwa pale. Mimi nimemwuliza mara nyingi alikuwa anafanya nini.

Kwenye matanga watu walikuwa wachache. Wengine walisema pembeni kwamba hakuna moshi bila moto, kwamba mtu wa nyama anataka nini na misikiti ya Asia. Mama Angèle alikuja na kuni kichwani, kama jirani yeyote anavyokuja kwenye matanga. Vijana wa mtaa wa Mbunya walikuwa tayari na kidumu cha petroli kwa ajili ya nyumba yake. Mmoja alimpiga teke mgongoni, kuni zikatawanyika, wakaziokota na kumpiga nazo kichwani na mbavuni. Alikuwa analia, "Muniue basi! Mimi nimezaa, sikutuma!" Osée wako ndiye aliyeshika kidumu.

Nilipita katikati yao. Niliziokota zile kuni moja moja, zikiwa na damu ya mwanamke yule, nikazitia kwenye moto wetu. Kwetu kuni za mtu zikishawaka kwenye matanga yako, huwezi tena kuchoma nyumba yake. Zilipoanza kulia motoni, Osée alitupa kidumu chini.

"Mama, umenifunga mikono!"

"Ndiyo, nimekufunga."

"Nyumba yake nimeacha. Marcellin mwenyewe siachi. Damu ya papa haijajibiwa, mimi sipandishi musalaba wake."

Unajua, Papa Osée, kazi ya kuchimba shimo la msalaba ni ya mtoto wa kwanza, hakuna mwingine awezaye kuifanya. Mwaka mzima kaburi lako lilikaa kama la mtu aliyekufa na kosa. Mimi nilisali rozari kila siku, nikiomba Mungu amweke Marcellin mbali na macho ya mtoto wetu. Mungu hakunipa hilo.

Mwezi huu Marcellin alitoka msituni. Alikuja sokoni mchana, mpaka mezani kwako, ambapo Osée ndiye anayekata nyama sasa. Alisema, "Yaya Osée, nimerudi." Osée alimpiga mdomoni kwa mgongo wa shoka la nyama, meno yakaanguka kati ya mifupa. Alimvuta kwa shati, akamlaza juu ya meza, akatia goti kifuani na kisu shingoni. Watu walipanda juu ya mifuko ya muhogo ili waone vizuri. "Maliza ye!" walipiga kelele. "Maliza!" Divine alinikimbilia. Nilipofika, shingo ya Marcellin ilikuwa imeshaanza kutoka damu, nikaanza kusukuma watu nipite.

"Zile picha, ulijua ni nini?" Osée alimwuliza.

"Nilijua."

"Sauti!"

"Nilijua, yaya!"

"Sema sasa. Ile haukusema kule njiani, sema hapa."

Marcellin akazitaja, damu ikimjaa kinywani. Msikiti wa nyota. Jumba ya waridi kando ya mto. Bunge ndani ya maji. Ngome, na kaburi ya mtoto wa mfalme.

"Na papa yangu?"

"Muzee hakukuwa mupelelezi. Alikuwa anapenda picha. Niliogopa watanikata pamoja naye."

Niliona kisu kikisukuma ngozi. Kisha akakiondoa, akawageukia wale waliokuwa wanapiga kelele.

"Mumesikia? Mulibeba neno lingine mwaka muzima. Sasa mubebe hili."

Alimshika Marcellin kwa ukosi, akampeleka polisi yeye mwenyewe. Watu hawakufurahi, walirusha mawe. Jiwe moja lilimpasua Osée kipaji cha uso, lakini hakumwachia.

Hatusemi tumesamehe. Mimi ninaomba kusamehe kila asubuhi, na kila asubuhi naondoka magotini bado sijaweza. Nitaomba tena kesho. Mama Angèle anapita mbele ya nyumba yetu, tunasalimiana.

Siku ya Jumamosi, baada ya misa ya asubuhi, Osée atachimba shimo la msalaba wako. Tunawaalika wote, na zaidi wale ambao hawakuja kwenye matanga. Juu ya msalaba tumeandika jina lako na kazi yako: Evariste Mbusa, muuza nyama. Hatukuona sababu ya kuongeza kitu.

Wanaokukumbuka ni mimi mke wako Dorothée Musoki, watoto wako Osée, Divine na Plamedie, ndugu yako mkubwa Kamate, dada yako Pétronille, na Roger, ambaye amejifunza kuandika jina lako kwa mkono wa kushoto.

Pumzika, Papa Osée. Maadamu tuna pumzi, hutakosa wa kukukumbuka.